Mbasa Niliyemrudisha Ziwani

Nilishuka Lituhi, kando ya ziwa, kutoka Mbinga Jumamosi moja na fimbo yangu ya kuvulia, ile ya ndoano ya manyoya badala ya chambo. Baba wa mfanyakazi mwenzangu alinipokea, akanipakia kwenye mtumbwi wake. Mkewe alituambia tusichelewe, akituona tunarudi tu atabandika maji ya ugali.

Nilirusha mshipi mpaka bega likauma. Hatimaye mbasa akanasa, mnene kama paja la mtoto, nikamvuta taratibu hadi ubavuni mwa mtumbwi. Mzee akacheka kwa furaha. Nami, mtu mzima na akili zangu, nikamtoa ndoano na kumrudisha majini, kama wanavyofanya wale watu ninaowatazama kwenye simu. Tena nikaeleza kwamba raha ni kumkamata tu. Sijui nani alinituma kuongea.

Mzee alitazama maji pale samaki alipozamia. "Haya, mwanangu," akasema, akashika kasia.

Tulipofika ufukweni moshi ulikuwa umeshaanza kutoka jikoni. Mama akaja na beseni, akauliza tumepata nini. Nilifungua mdomo, mzee akaniwahi. "Mgeni alinasa mbasa mkubwa. Mshipi ukakatika."

Mama akanipa pole, akaenda na beseni lile lile kwa jirani kuomba usipa, dagaa wa ziwa hili. Tulikula ugali kwa usipa. Fimbo yangu ilikuwa imeegemea ukuta mbele yetu sote, mshipi mzima, na manyoya yakining'inia.