Kasoro za Salma Mbele ya Wasaili

Aibu nitakayoisimulia ni yangu mwenyewe, sitamsingizia shetani, ila niruhusuni nianzie mbali. Zamani hapa Manzese nilikuwaga mshenga, na mshenga wa kwetu hapeleki sifa peke yake, anataja na kasoro, "binti yetu akinuna hasemi siku mbili, mkimtaka mtakeni hivyo hivyo," ili kesho mtu asirudishwe kwao eti hawakuambiwa (na kweli, katika niliowaozesha hajarudishwa hata mmoja, ukimtoa yule wa Kipawa, ambaye alirudi mwenyewe).

Sasa mjukuu wangu Salma, niliyemlea mie tangu mama yake afariki, aliomba kazi ya utafiti chuo kikuu, mambo ya algorithimu. Mie darasa la tatu sikulimaliza, akanifafanulia: "Babu, ni zile hatua unazoiandikia kompyuta izifuate, moja baada ya nyingine." Mwaka mzima alikuwa anaomba kazi za namna hiyo, na hii ndiyo ya kwanza kumwita. Tangazo lilitaka wadhamini wawili, yaani watu wanaomfahamu vizuri. Akaandika walimu wake. Moyoni nikasema, mwalimu gani anamfahamu Salma kunishinda mie?

Siku ya usaili nikavaa kanzu, nikashika bakora, nikamfuata nyuma nyuma. Karani mlangoni akaniamkia, akauliza, "Mzee, wewe ni mdhamini wake?" Nikamjibu ndiyo, tena mkubwa. Akanifungulia.

Ndani walikaa wasaili watatu, Salma kasimama mbele ya ukuta wenye picha ya mtaa wetu, anaeleza alivyoyapangia magari ya taka njia kwa kompyuta. Aliponiona akasema, "Babu?" Mama mmoja mwenye miwani akasema, "Shikamoo baba, karibu kiti." (Angenifukuza tu, leo ningemshukuru.) Nikakaa, bakora nikaiegemeza ukutani, nikaanza kishenga: mtoto ana adabu, ana akili, ila asubuhi haamki mpaka amwagiwe maji, na hizo njia za taka, jamani, wiki mbili za mwanzo alikosea, gari halikufika kwetu kabisa, uchafu ukajaa mlangoni kwa mjumbe wa mtaa mpaka Salma mwenyewe akaazima toroli akauzoa.

Mama wa miwani akapekua makaratasi. "Salma, hili la wiki mbili hukutuandikia."

"Babu," Salma akasema polepole, hanitazami, "nenda nyumbani."

Nikainuka. Mlangoni nikasikia, "Haya, tueleze ulikosea wapi," na sauti ya Salma ikaanza kueleza. Nimefika kituoni ndipo nagundua sina bakora.

Ushenga niliuacha siku hiyo hiyo, mtu akitaka kusemewa aseme mwenyewe. Salma naye haachi kunitania: "Babu, bakora yako ipo ofisini kwangu, yule mama wa miwani kila siku anakuulizia, njoo uichukue." Namwambia ikae huko huko. Mie natembea napapasa ukuta, na chuoni pale sijakanyaga tena.