Mpaka Nikuambie Mimi Mwenyewe

Kwenye kiwanda kile cha kufua mashuka ya mahoteli, kila mtu alimwita Mshale. Alikuwa bwana mzima wa miaka arobaini na mmoja, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda chumba cha boila, kuutazama mshale wa geji ya kupimia mvuke usifike penye rangi nyekundu. Ukimsalimu anaitikia, lakini macho yako kwenye geji. Wasiomjua walisema ana maringo. Maringo gani, jamani? Mtu hata kioo hajitazami.

Dada yake, mkunja mashuka hapohapo kiwandani, alimjua tangu akiwa mdogo. Chakula kimoja kisiguse kingine kwenye sahani. Vikombe vyote mikono yake ielekee mlangoni. Kumshika bila kumwambia ni kutafuta ugomvi. Na neno ukimwambia, amelishika vilevile lilivyotoka kinywani. Mama yao alikuwa akionya, "Huyu ukimpa neno umempigilia msumari. Pima kabla hujagonga."

Sasa msimamizi wao, Radi, hakuwa mtu wa kupima. Juzi saa nne kamili Mshale aliinuka kwenda kunywa chai, kama alivyofanya miaka kumi na mmoja bila kukosea hata dakika. Mwenzake wa kumpokea alichelewa. Radi akapita, akakuta kigoda kitupu na mshale umegusa nyekundu. Mshale aliporudi, Radi alimfokea mbele ya watu hadi mishipa ya shingo ikamtoka. "Kuanzia leo hutoki humu hata dunia ipinduke, mpaka nikuambie mimi mwenyewe. Umesikia?"

Mshale, viganja masikioni, akasema amesikia. Dada mtu alikuwa mlangoni na kapu la mashuka. Alijua kabisa kwamba neno lile lilitakiwa kurekebishwa palepale, kabla halijapoa. Lakini Radi akichafukwa hufukuza mtu, na Mshale angepata wapi kazi nyingine? Akainua kapu lake, akaenda zake.

Siku hiyohiyo, saa tano kasorobo, kikaushio cha mashuka kikashika moto. Vumbi la nguo lilikuwa limejaa kwenye bomba lake, na moshi mweusi ukatanda korido nzima kabla mtu hajaelewa kuna nini. Watu wakamiminika nje, ng'ambo ya barabara. Radi alikuwa wa kwanza, sitanii. Dada mtu akazungusha macho kwenye kundi lile, mara moja, mara mbili. Mdogo wake hayupo.

Akalowesha taulo, akajifunika pua, akarudi ndani. Wafuaji wawili wakamfuata, Mungu awabariki. Walimkuta Mshale kwenye kigoda chake, anakohoa, machozi yanamtiririka, macho kwenye geji. Dada akamwambia kuna moto. Akajibu kwamba ameuona.

"Basi twende."

"Hajaniambia."

"Mimi dada yako nakuambia."

"Wewe si yeye," akasema, bila hasira yoyote.

Wale wafuaji wakaona huu mchezo, wakamkamata mikono. Wee! Alipiga yowe, akamtandika mmoja teke la goti, akaukumbatia mguu wa meza ya chuma, na ile meza imefungwa sakafuni kwa bolti. Wangemvunja mikono kabla hajaachia. Moshi ukawazidi, wakatoka huku wakipaliwa. Dada naye akatoka mbio, maana alijua ni mtu mmoja tu awezaye kumtoa humo.

Zimamoto hawajafika. Radi anaongea na simu. Aliposikia habari akasema hakuna mtu anayesubiri ruhusa kukimbia moto, kwani huyo hana akili? Hapo yule dada, ambaye kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumjibu bosi, akamkwida shati.

"Anazo. Anangoja neno lako. Msumari umeupiga wewe, twende ukaung'oe."

Akamburuta. Radi alipofika mlangoni akafanya alichozoea, akanguruma, "Toka!" Mshale akaziba masikio, akajikunja, akafumba macho. Sasa hata hilo neno lenyewe hasikii. Dada akambana Radi mdomo kwa kiganja. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa vifua vyao, lakini dada akapiga magoti, akagonga fremu ya mlango taratibu mara tatu, kama alivyogonga tangu utoto kabla ya kuingia chumbani kwa mdogo wake. Mtikisiko ukapita ukutani hadi sakafuni. Akagonga tena tatu. Viganja vikateremka.

"Sema polepole," akamwambia Radi. "Sentensi nzima."

"Mshale," Radi akasema polepole. "Ni mimi mwenyewe. Nakuambia toka."

Mshale akainuka. Akafunga koki ya mafuta ya boila, akautazama mshale mpaka ukaanza kushuka, akatwaa kofia yake msumarini, akatoka. Akitembea! Radi akataka kumhimiza akimbie, dada akamfinya: ukutani kuna kibao, USIKIMBIE NDANI YA KIWANDA. Wakatoka wote watatu mwendo wa msiba, wakikohoa, na hawajavuka barabara vizuri paa la korido likaanguka.

Dada akaketi ukingoni mwa barabara, akalia bila kumwonea mtu haya. "Ulipompa lile neno nilikuwepo," akamwambia Radi. "Nilisikia, nikanyamaza."

Radi akawasogelea. Akachuchumaa mbele ya Mshale, mbali kidogo asimguse. "Sikiliza. Siku nyingine ukiona moto, toka. Usinisubiri."

Mshale akatazama viatu vyake, akafikiri.

"Na moshi?"

Radi akamgeukia dada mtu. Naye akajifuta pua kwa lile taulo.

"Mwambie yote, bosi," akasema. "Moja moja. Safari hii nitakusikiliza, na ukikosea nasema."

Radi akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazi, akaanzia kwenye moshi.