Flip-flop niliyomfungia mama iliamka na 1

Wakuu, habari za jioni. Hii nimeikalia kimya miaka miwili. Naiandika kama ilivyotokea, sina cha kujitetea.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo, nasoma electronics hapa Moshi mjini. Nyumbani ni kijijini, juu ya Kwa Sadala. Mama anaishi peke yake na ng'ombe wawili wa maziwa.

Kisima chetu kirefu kiko bondeni, na switch ya pampu ilikuwa hukohuko. Kila siku anashuka kuwasha, anashuka tena kuzima. Magoti yanamuuma.

Nikasema hii naimaliza mimi.

Nikaunda flip-flop kwa NOR gate mbili, vile vipande vya chip vinavyotoa 1 au 0. Kwa wasiojua: output ya kila gate inarudi kwenye input ya mwenzake, zinashikiliana. Ukibonyeza kitufe cha kwanza output inakuwa 1, yaani umeme unatoka, na ukiachia inabaki 1. Ukibonyeza cha pili inarudi 0 na kukaa hapo. Yaani inakumbuka ulichobonyeza mwisho. Ile 1 inavuta relay, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, relay inawasha pampu.

Vitufe nikavifunga jikoni.

"Kwa hiyo sishuki tena?" mama akauliza.

"Hushuki tena, mama."

Akabonyeza, akasikia maji yanaingia tanki, akaita majirani waje waone.

Sasa sikilizeni. Flip-flop inakumbuka ikiwa na umeme tu. Ukikatika, inasahau. Ukirudi, inaweza kuamka na 0 au na 1. Mwalimu alitufundisha kabisa: weka capacitor na resistor kwenye reset, yaani upande wa kitufe cha pili, ilazimike kuanza na 0.

Nilijua. Ila mezani niliizima na kuiwasha kama mara kumi, kila mara ikaamka na 0. Nikaridhika. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Wiki ya tatu umeme ukakatika asubuhi, mama akaenda zake sokoni. Ukarudi yeye hayupo, na safari hii ikaamka na 1. Pampu ikavuta kisima mpaka kikakauka, ikazunguka bila maji mpaka mota ikaungua.

Mama akanipigia. "Mwanangu, pampu imekufa. Shida ni nini?"

Nikamwambia umeme ulirudi na nguvu kubwa.

Akaanza kuchota maji ya ng'ombe kwenye mfereji, kwa ndoo. Siku ya nne akateleza ukingoni, nyonga ikavunjika.

Ng'ombe wako kwa shangazi sasa. Mama anatembea na fimbo, kitandani mpaka kibarazani. Wageni wakija anawalalamikia watu wa umeme, halafu anasema, "Huyu wangu alijitahidi sana."

Mimi nakaa pale namimina chai.

Nilichojifunza: kitu kufanya kazi mara kumi mezani siyo ushahidi. Wanaofunga vitu hivi nyumbani kwa watu, wekeni reset.

Hilo la circuit nimeshalielewa, msinifundishe tena. Ninachoomba ni kwa aliyewahi kumdanganya mzazi hivi: ulianzaje kumwambia?