Akina Mama Niliowasafisha

Ko, ko, ko. Hadi leo ninaisikia ile kalamu ya Profesa ikigonga meza huko Dar es Salaam, nasi tukiisikiliza huku dukani Ngamiani, simu imeegemezwa kwenye printa. Sura yake sikuwahi kuiona. Kalamu ikigonga, ujue anasoma na karidhika. Ikinyamaza, pana kosa.

Mwanafunzi wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Pongwe, aliyekuwa akisoma shahada ya pili. Akitoka kazini huja kwenye steshenari ninakochapa, kwa sababu mtandao wetu haukatikikatiki. Tasnifu yake ilihusu masimulizi ya akina mama wanaolima mwani pwani yetu. Aliwarekodi kumi na wawili, akanipa simu na spika za masikioni: "Mdogo wangu, nichapie, mimi nina mitihani ya kusahihisha."

Mimi niliishia kidato cha nne, lakini ndoto ninazo tele. Kuchapa tasnifu niliona kama nami nimeingia chuo kikuu, japo kwa mlango wa uani. Sasa wale mama wanaongea! Wanacheka katikati ya neno, wanachanganya Kidigo, wanatukana jua. Nikawaonea huruma. Watu wakubwa watawacheka hawa, nikasema. Bibi mmoja alisema, "Mwani huu umening'oa kucha, mwanangu, na bado nikilala nauota." Nikamwandikia: "Kilimo cha mwani kina changamoto mbalimbali lakini kina manufaa." Nikafurahi mwenyewe. Nikawavalisha wote kumi na wawili nguo hiyo hiyo. Mwalimu, kwa kuchoka, akayatuma kwa Profesa bila kuyapitia.

Jumatano iliyofuata Profesa akapiga simu, Mwalimu yupo nami dukani. Ko, ko, ko. Halafu kimya.

"Mwalimu, hawa akina mama umewahoji kweli?"

"Nimewahoji, Profesa. Nilikaa nao ufukweni siku nne."

"Mbona wana mdomo mmoja? Huyu changamoto mbalimbali, yule changamoto mbalimbali. Bibi aliyezeekea majini ndivyo anavyoongea? Kama umeyatunga, sema. Siwezi kumsimamia mtu anayetunga watu."

Mwalimu akavuta kurasa nilizochapa, akaanza kuzipitia. Miaka miwili ya kusoma huku anafundisha, naona inaporomoka mbele yangu kwa ajili ya huruma yangu. Nikainamia simu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Nani tena huyo?"

"Mchapaji. Mwalimu hana kosa. Mimi ndiye niliyewasafisha."

"Uliwasafisha? Kwani walikuwa na tope?"

"Walikuwa nalo, Profesa, wametoka kwenye mwani." Mwalimu akanifinya paja. "Niliogopa huko kwenu watachekwa."

Kalamu bado haigongi.

"Rekodi zipo?"

"Zipo zote."

"Niwekee huyo bibi."

Nikaisogeza simu yenye rekodi karibu na ile anayoongelea Profesa. Bibi akasema maneno yake ya kucha na ndoto, akacheka, maji yakachapa miguuni, mwenzake akamdhihaki: "Muongo wee, waota wali!" Wakaangua kicheko wote. Na huko mbali, taratibu, ikaanza: ko, ko, ko.

"Hiki ndicho nilichokuwa nakisubiri mwaka mzima," Profesa akasema. "Mchapaji, andika hivyo hivyo. Na kicheko ukiandike."

Simu ilipokatwa, Mwalimu aliketi juu ya katoni ya karatasi, akavuta pumzi, akacheka hadi akafuta machozi kwa mtandio. "We mtoto! Nimeshajiona nafukuzwa chuo nimevaa sare yangu ya kitenge."

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe nini? Kaanze kuchapa."

Nilirudia kila kitu, kwa siku tisa. Safari hii niliandika "anacheka", niliandika "anamwita mwenzake", na neno la Kidigo nililiacha likae palipo pake. Mwalimu alilinganisha kila ukurasa na rekodi. Kisha ukaja ujumbe mfupi wa Profesa: kazi iende kwa watahini. Mwalimu alinikumbatia, akakimbilia Pongwe kumwambia mumewe, mwavuli akausahau.

Nikabaki peke yangu dukani. Nikatoa nakala ya ile sura ya masimulizi, ingali na joto la printa, nikachukua kalamu, nikaanza kusoma tangu kwa yule bibi, taratibu, huku nikigonga meza. Kalamu haikunyamaza hata mahali pamoja.