Mnyororo Uliopita Nyuma ya Nyumba ya Mama

Nchi yetu ilikuwa mteremko. Ukisimama Kimulot, msitu wa Mau uko mgongoni mwako, baridi tupu na mianzi, na mbele vilima vinashuka kimoja baada ya kingine kuelekea machweo, kila bonde na mto wake. Mvua ilikuja alasiri karibu kila siku, kutoka upande wa ziwa ambalo wengi wetu hatukuwahi kuliona. Mipaka tuliijua kwa watu. Upande wa machweo walikaa Wakisii na ndizi zao, mbele zaidi Wajaluo, na kusini Wamaasai, ambao wazee wetu walikuwa wakinyang'anyana nao ng'ombe tangu zamani. Katikati tulikuwa sisi Wakipsigis, nyumba moja hapa, nyingine kule, kila boma limejitenga kidogo na jirani ili ng'ombe wapate nafasi.

Mama yangu alikuwa mjane. Boma lake lilikuwa juu kidogo ya mto Itare, nami niliolewa ng'ambo ya pili, karibu kiasi kwamba asubuhi niliuona moshi wake. Baba alizikwa pale pale, kando ya zizi, katika rundo la samadi, kama walivyozikwa wazee walioacha wajukuu. Mama hakutaka kwenda kukaa kwa mtu yeyote. Alisema ng'ombe wamezoea majani ya pale.

Mwaka mmoja karani alikuja kuandika watu. Nilikuwa kwa mama siku hiyo. Karani mwenyewe alikuwa kijana wa kwetu, amevaa kaptura, ameshika daftari.

"Mama, hapa mko wangapi?"

"Mwanangu, watu hawahesabiwi. Hukufundishwa kwenu?"

Kijana aliinamisha kichwa. Alijua. "Basi nitajie majina tu," akasema.

Mama akaanza na jina la baba.

"Huyo yuko wapi?"

"Yuko pale," mama akasema, akaonyesha zizi.

Karani aliangalia zizi kwa muda, kisha akamwomba amtajie waliobaki. Sikuona kama baba aliandikwa.

Wakati huo chai ilikuwa imeshaanza kupandwa upande wa Kericho. Miti ilikatwa vilima vizima, na wageni kutoka upande wa ziwa walipita barabarani makundi makundi kwenda kutafuta kibarua, wamejifunika mablanketi, wanatetemeka kwa baridi yetu. Mume wangu naye alipata kazi. Mzungu mpima ardhi alihitaji watu wa kubeba mnyororo wa kupimia, na mume wangu alikuwa na miguu mirefu na hakuchoka upesi. Aliipenda kazi ile. Jioni moja alichukua kijiti akanichorea nchi uani, mavumbini.

"Huu ni Itare. Huku Mau. Hapa ni sisi, na hapa ni mama."

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuitazama nchi yetu kutoka juu, kama mwewe. Nilimwonea fahari.

Miezi michache baadaye alirudi nyumbani mapema, akakaa nje bila kuomba chakula. Nilimletea maji ya kunawa. Hakuyagusa.

"Leo tumepita nyuma ya nyumba ya mama," akasema.

"Nyuma wapi?"

"Kati ya nyumba na mto. Tumepigilia vigingi."

Nilielewa. Ardhi yote iliyokuwa juu ya vigingi ingekuwa ya chai.

"Ulimwambia?"

"Alituletea maziwa," akasema. "Aliacha kibuyu kwenye majani akarudi nyuma, akageuza uso. Tukanywa sote. Hata mzungu alionja."

"Nakuuliza, ulimwambia?"

"Hapana."

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawaongei ovyo. Kwa hiyo alikuwa na sababu ya kunyamaza, na nilijua pia kwamba alifurahi kuwa na sababu hiyo.

Kesho yake nilivuka mto nikamwambia mama mimi mwenyewe. Alikuwa anapalilia wimbi. Alisikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi.

"Nilimwona ameshika ule mnyororo," akasema. "Nilidhani wanapima barabara."

Akaendelea kupalilia.

Mama na majirani zake hawakufukuzwa siku hiyo, wala mwaka huo. Ndiyo maana tulianza kusahau. Kisha baraza liliitwa, na watu wa upande ule wakaambiwa wahamie kusini, Chepalungu, kuelekea mpaka wa Wamaasai, ambako wakubwa walisema nafasi ipo tele. Nafasi ilikuwepo kwa sababu watu walipaogopa. Kulikuwa na mbung'o na homa, na mvua ya huko huja ikipenda.

Siku ya kuondoka mama alibeba kibuyu, jiko lake la mawe aliliacha. Alisimama kidogo kando ya zizi, na sote tukatazama pembeni. Mume wangu alikuja kusaidia kuswaga ng'ombe mpaka kivuko. Alitembea nyuma yao, na mama alitembea mbele, na katika mwendo ule wote mama hakugeuka kumtazama hata mara moja. Ingekuwa mtu mwingine, tungejua ni hasira. Kwa mkwe, ilikuwa desturi. Hakuna aliyeweza kutofautisha, na yeye mume wangu ndiye aliyeteseka zaidi kwa kutojua. Mimi nilikuwa na mimba kubwa. Niliishia kivukoni.

Misimu miwili ya mvua ilipita. Habari zilifika kwa mtu aliyekuja kuuza ngozi sokoni Kapsoit: ng'ombe wa mama wamekufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, na mama mwenyewe anaumwa. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaondoka. Nilitembea siku tatu, nchi ikishuka na kukauka, majani yakigeuka kuwa miiba. Nilipofika, alikuwa ameshazikwa siku nne zilizopita.

Jirani yake, mwanamke mtu mzima aliyehamishwa pamoja naye, alinipokea. Alinionyesha shamba dogo la wimbi. Mama alikuwa amepanda kwa majira ya Kimulot, na mvua haikuja kwa majira hayo. Wimbi lilikuwa limefika magotini likakauka.

"Alikutaja sana," jirani akaniambia. "Na mkwe wake pia. Alisema, yule kijana aliwaswaga ng'ombe vizuri siku ile. Hakumpiga hata mmoja."

Nililia pale, katikati ya yale mabua.

Alikuwa amebaki mtamba mmoja. Jirani alisema ni wangu, nami nikaanza safari ya kupanda kurudi nyumbani, mtoto mgongoni, kamba mkononi. Mume wangu nilimkuta njiani, mbele kidogo ya Bomet. Alikuwa anatufuata. Aliniona niko peke yangu na mtoto, akajua kwamba nilichelewa, akachukua kamba. Tulitembea muda mrefu ndipo akauliza:

"Alisema neno lolote juu yangu?"

"Hapana," nikasema.

Nilikuwa na hasira. Nilitaka abebe kitu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimebeba. Nilidhani nitamwambia kesho, au mtamba akizaa, au msiba ukipoa. Yeye aliacha kazi ya mnyororo, akalima, akazeeka kabla ya wenzake. Hakuuliza tena. Kila mwaka uliopita ulifanya neno lile liwe zito zaidi kulitoa.

Nilikuja kumwambia tukiwa na wajukuu. Ilikuwa mchana, tumekaa tunapukuchua mahindi. Nilimweleza yote kama jirani alivyoniambia, na kwamba nilimficha kwa makusudi.

Aliendelea na gunzi lake mpaka likaisha.

"Ungeniambia," akasema.

Kisha akainuka akaenda kuwatoa ndama juani.