Majivu Niliyoyamwaga Siku ya Kuposwa Kwangu

Jamani, mkinicheka mnicheke kwa adabu, maana haya nitakayowaambia kuna watu wa Ifakara waliyaona kwa macho yao na wengine hadi leo wakinipita sokoni wanakohoa kidogo na kufunika mdomo, nami najua kabisa wanakumbuka nini. Nilidhalilika mbele ya wakwe zangu kabla hawajawa wakwe, nikamdhalilisha na baba yangu, mtu mpole aliyeheshimika, na yote hayo yalitokana na majivu ya jiko. Majivu tu!

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ile ya hamsini, msimu wa kiangazi baada ya mavuno. Mpunga ulikuwa umekwisha kupurwa na kuingizwa kihengeni. Kihenge chetu kilisimama nyuma ya jiko la mama, juu ya miti, kimesukwa kwa fito na kuezekwa nyasi, na ndani yake kulikuwa na chakula chetu cha mwaka mzima, mbegu za msimu ujao zikiwa humo humo. Pembeni kulikuwa na lundo la pumba, maana mama na mimi tulikuwa tukitwanga hapo hapo.

Siku hiyo watu wa Kastuli walikuwa wanakuja kuniposa. Walikuwa watu wa upande wa Lumemo, Wakatoliki kama sisi, na Kastuli mwenyewe nilikuwa nimemwona mara chache kanisani, kijana mrefu mwenye haya, asiyejua aiweke wapi mikono yake. (Nilimpenda, sitawadanganya. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba hawatakuja.)

Basi, jioni iliyotangulia baba alichoma samaki, kambale na kitoga, kwenye lile jiko lake kubwa la mkaa, nusu ya pipa la mafuta iliyolazwa juu ya miguu ya chuma, na wavu juu yake. Asubuhi mama akaniambia, "Adelina, toa majivu kwenye jiko la baba yako, tutawachomea wageni kuku. Limejaa hadi wavuni, moto hautapumua. Ukayamwage shimoni." Nikachukua jembe bovu na karai, nikaanza kukwangua. Majivu yalikuwa laini kama unga, meupe, yamekufa kabisa kwa kuyatazama, na matundu ya chini yalikuwa yameziba hata ikanibidi niyazibue kwa kijiti. Vumbi lilinipanda hadi kwenye kope.

Sasa shimo la majivu lilikuwa mbele, karibu na migomba, pale pale njia ya wageni inapoingilia. Nikajitazama, mweupe kama mzuka, kaniki imechafuka, nywele hazijasukwa, nikasema moyoni, wakinikuta hapo njiani je? Ndipo nikakata shauri (shauri dogo tu, la kupumua mara moja) kwamba majivu haya nitayamwaga nyuma, kwenye lundo la pumba, kesho nitayazoa. Nikayamwaga. Nikaoga kwa maji yote yaliyobaki mtungini, nikaingia ndani kusukwa.

Aliyenisuka ni shangazi yangu Monika, dada yake baba, mkali kama pilipili kichaa. Kwa desturi yetu binti anayeposwa hatoki ndani mpaka aitwe. Akijitokeza kabla hajaitwa, wageni watasema ana haraka ya mume, na neno hilo halifutiki. Shangazi alikuwa amefika nusu ya kichwa changu, upande wa kulia umesukwa na wa kushoto umesimama kama nyasi, tuliposikia wageni wanabisha hodi. Walikuwa wengi: mshenga, mzee mmoja wa maneno ya taratibu, baba mdogo wa Kastuli, aliyekuja kwa niaba ya marehemu kaka yake, akina mama watatu wanne, na Kastuli. Kwa kawaida mwoaji haji, lakini yeye ndiye aliyekuwa na baiskeli, na mtungi wa pombe ya posa ulifungwa nyuma ya baiskeli yake.

Mnaijua maana ya pombe ile. Inawekwa katikati, baina ya pande mbili, haiguswi. Wazee wanazungumza. Baba wa binti akiridhika, inamiminwa na kunywewa, basi binti amepata kwao. Asiporidhika, mtungi unarudi ulivyokuja.

Nikiwa nimekaa kwenye mkeka, nikasikia harufu ya moshi.

"Shangazi, kuna kitu kinaungua."

"Watu wanachoma mashamba. Tulia, kichwa hiki kama cha mbuzi!"

Nikatulia. Lakini harufu ile haikuwa ya nyasi za shambani. Ilikuwa ya pumba, kali, inayokwaruza koo. Nikapenyeza jicho kwenye ufa wa dirisha la nyuma na nikaona uzi wa moshi wa buluu ukitoka katikati ya lundo, taratibu, kama mtu anayevuta kiko bila wasiwasi. Pumba haziwaki kwa fujo, nanyi mnajua. Zinajila ndani kwa ndani, juu huoni kitu, na zikikutana na upepo ndipo zinatoa ulimi.

"Shangazi, ni kwenye pumba! Majivu nimeyamwaga mimi pale!"

Akaja, akachungulia, akashika mdomo. "Kaa hapa. Usithubutu kutoka. Nakwenda kumnong'oneza mama yako."

Akatoka. Nikasikia hatua zake, halafu nikasikia sauti ya mshenga, ile ya taratibu, ikisema, "Aa, huyu bila shaka ndiye shangazi wa binti. Shikamoo, shangazi. Karibu uketi, maana neno tulilofikia haliwezi kusemwa bila shangazi kusikia." Na shangazi yangu mimi, ambaye hakuna mwanamume aliyewahi kumnyamazisha, akajibu marahaba akaketi! Afanyeje? Aseme nyumba inaungua katikati ya posa? Nadhani alifikiri atapata nafasi. Mama naye alikuwa amepiga magoti mbali, anawanawisha wageni mikono kwa maji kidogo yaliyobaki kwenye birika, ya mwisho ya nyumba ile.

Nikabaki peke yangu na ule ufa. Nilimsikia mshenga akizunguka na maneno yake, mara jogoo aliyepotea, mara ua waliloliona kwenye boma hili, na kila akimaliza fungu naona sasa atamalizia, anaanza lingine. Moshi ukanenepa. Nikakohoa kwa nguvu ili baba asikie, akina mama wageni wakacheka wakasema binti ana haya. Nikagonga ukuta. Wakacheka zaidi. Halafu upepo ukageuka, nikauona moto wenyewe, mdogo, mwekundu, umetoka kwenye pumba na kuushika mti mmoja wa kihenge, unapanda.

Nilifikiri nini? Sikufikiri. Nilitoka.

Nilitoka na kanga moja iliyofungwa kifuani, nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama, nikapita katikati ya wazee walivyokaa, mshenga mdomo wazi, baba akaita, "Adelina!" Nikakumbuka kwamba maji yote nimeoga. Macho yangu yakaangukia kwenye mtungi. Nikaunyanyua (hadi leo sijui nguvu niliipata wapi), nikakimbia nao nyuma ya nyumba, nikaumwaga wote kwenye ule mti unaowaka. Pombe ikalia shaa! moto ukafa pale, lakini pumba chini zilikuwa bado nyekundu, nami nikaanza kuzikanyaga na kuzitawanya kwa miguu mitupu nikipiga yowe.

Wa kwanza kufika alikuwa Kastuli. Alivua koti lake, la pekee nadhani, akalipiga kwenye fito zilizoshika moto, kisha akazivuta pumba kwa mikono yake mbali na kihenge. Ndipo wakaja wengine wote na majirani pia, wakamwaga mchanga. Upande mmoja wa kihenge ulikuwa mweusi. Mpunga ulikuwa salama.

Moto ulipokwisha ndipo nilipojiona. Nimelowa pombe, nina majivu usoni, kanga imeshuka hata mama akaja mbio kunifunika na ya kwake, na umati wote umesimama unanitazama.

Baba mdogo wa Kastuli akaokota kigae. Kumbe mtungi niliutupa ukavunjika.

"Tumejibiwa," akasema.

"Hapana, ndugu yangu," baba akasema. "Umeuona moto mwenyewe."

"Nimeuona. Nimeona pia pombe yetu imemwagwa chini na binti mwenyewe, kwa mkono wake, kabla ya neno kwisha. Kwetu hilo halina maana mbili. Maji hayakuwapo?"

Mama akainamisha kichwa. "Yalikwisha, baba."

"Siku ya wageni?"

Wakakusanya vitu vyao. Kastuli alikuwa ameshika baiskeli kwa vidole tu, kwa sababu viganja vilikuwa na malengelenge, na alipompita mama alisema kwa sauti ndogo, "Mama, mtazameni mguu wake, ameungua." Nikatazama chini, kweli. Ndipo nikaanza kulia.

Jioni baba aliniuliza swali moja, kwa nini. Nikamwambia nilidhani yamepoa. Akasema, "Majivu hayajulikani kwa kuyatazama, mwanangu," akaenda zake. Afadhali angenichapa.

Mama akapika pombe mpya. Ilipoiva baba akavaa kanzu yake ya kanisani, akajitwika mtungi kichwani, yeye mwenyewe, mwanamume mzima mwenye mvi, na akaniambia nimfuate na kibuyu. Tukapita katikati ya Ifakara mchana kweupe, mimi nachechemea na kitambaa mguuni. Watu wakauliza, "Mzee, mtungi huo unakwenda wapi?" Baba hakujua kudanganya. Akajibu, "Nakwenda Lumemo kumposea binti yangu mume." Wallahi, kicheko kilianza pale sokoni kikatufuata hadi mtoni! Nilitamani ardhi ipasuke. Baba hakugeuza shingo.

Tulipofika, mshenga ndiye aliyetoa hukumu: aliyemwaga ndiye amimine. Nikapiga magoti mbele ya baba mdogo, nikamimina toka kibuyuni hadi kata ikajaa. Akaipokea. Akaitazama ndani kwa muda mrefu mno, baba amesimama nyuma yangu bila kukaribishwa kiti.

"Binti," akasema, "hii nayo haina majivu?"

"Haina, baba."

"Nikinywa, utaniachia hata tone, au kuna moto mahali?"

Mmoja wa akina mama akashindwa, akaangua kicheko, kikawapata wote, hata Kastuli aliyejificha mlangoni na viganja vyake vilivyofungwa. Mzee akanywa. Akampa baba kiti.

Nimeolewa, nimezaa, nimezeeka, na hakuna harusi ya ukoo ule ambayo kisa hiki hakikusimuliwa na mimi nimekaa pale pale. Nimejifunza, jamani. Simwagi majivu ya jiko lolote mpaka niyatie maji, niyakoroge, niyatie tena. Mkwe wangu huniona nimeinama na kopo, hucheka akasema, "Mama, yamepoa hayo, si ya jana?"

Namwambia, "Mwanangu, ya jana ndiyo ninayoyaogopa."