Sauti ya Mama Katika Spika ya Nyuma

Katika duka la vyombo vilivyotumika ninakofanya kazi, hapa Kisauni, risiva, zile mashine za kuendeshea spika, huuzwa kwa vitufe. Mteja akiingia namwonyesha rimoti, taa za buluu, matundu ya spika saba kule nyuma, halafu kile kitufe wanachokipenda wote: ukibonyeza, sauti inakuwa kama ya ukumbi; ukibonyeza tena, kama ya uwanja wa mpira. Wananunua wakicheka. Nami nacheka nao, kwa sababu ndoto yangu ni kufungua sinema ndogo kwetu Utange, na nikisimama katikati ya spika saba naiona kabisa, hadi watu wakigombania viti.

Palikuwa na risiva nyingine juu ya rafu, nzito kama jiwe la kusagia, ya spika mbili tu, haina hata rimoti. Ukicheza humo rekodi ya dufu unasikia kidole kikigusa ngozi. Hakuna aliyeitaka.

Basi babangu aliponiambia anatamani kusikia sauti ya mamangu, nilimpelekea ile ya vitufe. Mama ametutoka miaka minne sasa. Sauti yake imebaki mahali pamoja tu, katika rekodi ya simu iliyosahaulika ikirekodi juu ya meza uani kwetu, siku ya harusi ya binamu yangu. Wanawake wanaimba, sahani zinagongana, na katikati mama anaita: "Baba watoto! Wee baba watoto! Njoo unishikie hili sufuria." Kwenye simu yenyewe ni kama mtu anayesemea ndani ya kopo.

Nilifunga spika nne sebuleni, mbili mbele, mbili nyuma ya kiti cha baba. Nikachomeka simu, nikabonyeza kitufe cha ukumbi. Nyimbo zikajaa chumba kizima. Kisha mama akaita, kutoka nyuma, upande wa jikoni.

"Naam!" baba akaitika. Akageuka, akainuka nusu.

Kwetu mtu akiitwa huitika. Tumefunzwa hivyo tungali wadogo, mdomo unatangulia akili. Lakini tumefunzwa pia kwamba usipomwona anayekuita, nyamaza. Huenda si mtu. Baba alilisahau hilo la pili. Au hakulisahau.

Nilicheka, wallahi. Nilidhani nimefanya jambo zuri. Nikamwachia simu na kumwonyesha pa kubonyeza.

Kesho yake nilikuta amekisogeza kiti, ameacha njia ya mtu kupita kutoka jikoni. Siku ya tatu hakwenda msikitini alasiri, aliswali nyumbani. Akiitwa anaitika, anakwenda hadi jikoni, anasimama, anarudi.

Shangazi yangu, dadake baba anayekaa nyumba ya pili, alikuja kurudisha ungo akayaona hayo kwa macho yake. Akanivuta uani.

"Wee kijana, umeleta nini ndani ya nyumba ya kakangu?"

"Risiva, shangazi."

"Risiva! Mtu anaitwa na maiti, anaitika, anafuata. Iko siku atafuata asirudi. Na wewe umekaa hapo na rimoti kama mganga!"

"Ni spika tu, shangazi. Spika ya nyuma."

"Basi itoe huko nyuma!"

Akanisukumia ungo, akaenda zake. Nami niliogopa. Si majini, niliogopa vile baba alivyokuwa akirudi kutoka jikoni, polepole, kama mtu aliyekwenda mbali sana.

Nikaibeba ile nzito kutoka dukani, nikang'oa spika za nyuma.

"Hii ni safi zaidi, baba," nikamwambia. "Hii ndiyo sauti yake hasa."

"Haya. Tumsikie."

Sauti ikatoka mbele, ukutani, ndogo na kavu. Nilisikia bangili zake. Nilisikia akivuta pumzi kabla ya kuita. Baba hakuitika safari hii, nikashukuru moyoni. Kisha, baada ya neno sufuria, pale ambapo ile risiva nyingine ilipajaza mwangwi, pakawa na kikohozi. Kidogo, kimezibwa kwa mkono au kwa leso. Kikarudi, kirefu zaidi, na wanawake wakaendelea kuimba juu yake.

Harusi ile ilikuwa mwaka mzima kabla mama hajatuambia kuwa kifua kinamsumbua.

"Rudisha," baba akasema.

Nikarudisha.

"Tena."

Nikarudisha tena. Alikuwa ameinama, kiganja mdomoni.

"Nilikwenda," akasema. "Aliponiita nilikwenda, nikalishika sufuria. Nilikuwa karibu naye kama ulivyo wewe hapo. Sikusikia."

"Watu walikuwa wakiimba, baba."

"Walikuwa wakiimba, ee."

Nikamuuliza kama nimrudishie ile ya kwanza. Nilitaka aseme ndiyo. Kule alikuwa akiitwa tu, na hata kama anakwenda hadi jikoni bure, uso wake ulikuwa na furaha. Ningeifunga mara moja, na shangazi aseme atakalo.

Akatikisa kichwa.

"Bakisha hii."

Akakivuta kiti hadi magoti yakaigusa spika, akanipa ishara. Mama akaita. Akasema sufuria. Akakohoa.

"Pole," baba akasema, taratibu, kama unavyomwambia mtu aliyeketi kando yako.

Akangoja. Kikohozi cha pili kikaja.

"Pole, mama watoto."